Shangazi, tunakwenda Pemba kupumzika au kupika?

Assalaamu alaikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mpendae, Unguja. Wanangu wote wanasoma chuo kimoja cha Kurani hapa mtaani, na wazee wa watoto wa chuo hicho tumeshazoeana: tunazikana, tunaozana, Ramadhani tunafuturishana. Mwaka huu kamati ya chuo ikaja na wazo la kwenda Pemba likizo ya Disemba, familia nzima nzima, baba, mama na watoto. Siku tano, kulala nne. Familia 12 zimeshajiandikisha, watu kiasi cha 60, na zaidi ya nusu ni watoto. Niliposikia nilifurahi mno. Pemba sijawahi kufika, na wanangu hawajawahi kupanda meli.

Furaha ilianza kupungua nilipoletewa ratiba. Darsa baada ya Alfajiri. Mashindano ya kuhifadhi baada ya chai. Mawaidha baada ya Adhuhuri. Darsa ya watu wazima baada ya Alasiri. Nyiradi baada ya Magharibi. Muhadhara baada ya Isha. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu, Shangazi, hata sala ya rakaa mbili hanisubiri.

Malazi ni dakhalia ya skuli, wanaume jengo lao na wanawake jengo lao. Hilo sina neno. Chakula, karatasi imeandikwa "kina mama watapika kwa zamu". Nimehesabu: mama wanne kwa siku, maana yake kila mmoja wetu atakaa jikoni karibu siku mbili kati ya hizo tano. Baharini, wavulana wataogelea na ustadh wao, na wasichana kuanzia miaka kumi "watabaki na mama zao". Binti yangu ana miaka 12. Alipousoma mstari huo akanambia, "Mama, mimi niacheni kwa bibi."

Mchango ni 90,000 kwa kila kichwa, mkubwa na mdogo sawa, na ndani yake mna 10,000 ya fulana za sare. Sisi tuko sita, tutajikamua. Lakini jirani yangu ni mjane, ana watoto watatu chuoni, kasema hawezi. Mjumbe mmoja akaongeza kwamba hata angekuwa nazo asingeruhusiwa, hana maharimu, yaani mwanamme wa karibu asiyeweza kumuoa, wa kusafiri naye. Alikuja kulia mlangoni kwangu.

Bwana yangu ni mjumbe wa kamati. Nilipomgusia akanambia nisimtie aibu mbele ya wenzake, na kwamba hii ni safari ya kheri, si ya starehe. Mimi sikatai dini, Shangazi. Lakini nijitoe? Ama ninyamaze nende nikapike?

Mama Wane, Mpendae

*

Waalaikumu salaam mwanangu,

Usijitoe. Ukijitoa safari itaondoka vilevile, na wale kina mama 11 watakaobaki ndio watakaopika zamu yako. Baki humo humo ndani. Ila ratiba hiyo isiondoke bandarini Malindi kama ilivyo.

Naanza na jiko, maana ndipo kamati ilipopita mbio kuliko pote. Kuandika kwamba kina mama watapika hakuchukui hata nusu dakika. Sasa mpikie mtu 60. Hata nusu wakiwa watoto, mlo mmoja unataka kilo tisa au kumi za mchele. Ukiwa wali wa nazi, kuna nazi 20 na ushei za kufua, kuvunja na kukuna, na mbuzi ya kukunia ni moja, mbili mkibahatika. Jiko ni la kuni na sufuria ni zile za shughuli, haliinuki moja bila ya watu wawili. Chakula cha mchana kinachotakiwa baada ya Adhuhuri huanza saa tatu asubuhi. Maandazi ya chai yanakandwa usiku. Kwa hiyo mama aliye zamu atakosa darsa ya asubuhi kwa kuwa yuko kwenye moshi, atakosa mawaidha ya mchana kwa kuwa anapakua, na muhadhara wa usiku ataulalia kwa uchovu. Kamati imepanga vikao sita kwa siku, papo hapo ikahakikisha theluthi moja ya kina mama hawasikii hata kimoja. Nina hakika hawakukusudia. Hakuna aliyewahesabia, basi.

Na wakisema kupika ni kazi ya mwanamke, nao ni watu wa chuo, wanaijua hadithi hii kuliko mimi: Bibi Aisha aliulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akajibu kwamba alikuwa katika kazi za ahli zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hiyo ingefaa iwe ndiyo darsa ya kwanza, na ingefaa isomwe hapo jikoni.

Dawa yake si ngumu. Pemba kuna wapishi wa shughuli kama walivyo Unguja, wale wanaopikia harusi na hitima. Hapakosi familia moja kati yenu yenye jamaa Chake au Wete. Jamaa huyo apigiwe simu, atafute wapishi watatu, na bei ipatanwe kwa siku, pamoja na kuni na maji, isiachwe "tutaelewana hukohuko". Wapike mlo mmoja mzito tu, wa mchana. Chai ya asubuhi msiipike kabisa. Kila mtaa una mama anayeuza maandazi na boflo, mwagizieni jioni ya mbele, naye atashukuru. Usiku watu wale chepesi: muhogo wa nazi, ndizi, samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina ukipatikana. Watoto likizo hawahitaji pilau mara mbili kwa siku.

Kazi ya kugawa sahani, kuchota maji na kuosha vyombo ni ya vijana wa kike na wa kiume, kwa zamu, na kina baba zao wakiwemo. Sufuria la kilo kumi linataka mkono wa mwanamme kulisugua, nasema kwa uzoefu wa shughuli nyingi.

Pesa za wapishi zitoke wapi? Umezitaja mwenyewe. Fulana za sare, 10,000 kwa vichwa 60, ni 600,000. Watu wanaojuana mpaka kuzikana hawahitaji fulana ili watambuane. Kwa watoto wasipotee, kila familia ifunge kitambaa cha rangi moja mkononi, metro mbili za kitambaa zinatosha wote. Zikifutwa fulana, mchango ukabaki uleule, gharama ya mtu ni 80,000, na jirani yako na wanawe watatu wanahitaji 320,000. Zinabaki 280,000, mwanzo mzuri wa ujira wa wapishi, na kikipungua kitu mtakichanga bila ya kelele.

La mjane lifanywe kimya. Asitajwe kwenye kikao, asisomewe dua ya "dada yetu mwenye shida", asiletewe bahasha mbele ya watu. Mweka hazina aandike jina lake na alama ya kulipa kama wengine, kwisha. Kuhusu maharimu, hilo ni la maalim wenu si la mjumbe wa kamati, na wanavyuoni wana maneno yao katika mwanamke anayesafiri na kundi la wanawake waaminifu. Aulizwe yeye, ajibu yeye. Ila kabla ya kufika huko, mtu aliuliza kama mama huyo ana kaka? Ana mtoto wa dada yake aliyekwishakuwa kijana? Huyo ni maharimu wake, na safari ya watoto thelathini na ushei haijawahi kukataa kijana wa kubeba mizigo. Nashangaa wepesi wa watu kufunga mlango kabla hawajautazama kitasa.

Sasa ratiba. Ibn Masud, yule sahaba, alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja akamwambia angependa awawaidhi kila siku. Akakataa, akasema anachelea kuwachosha, na kwamba Mtume naye alikuwa akiwachagulia siku za mawaidha kwa kuchelea hilohilo. Na hao walikuwa masahaba, watu wazima. Wenu wana miaka mitatu, mitano, saba, na vikao ni sita kwa siku. Mtoto wa miaka saba akirudi Unguja alichokumbuka Pemba ni kuambiwa "kaa vizuri", kamati imefanya kazi ya miezi kwa ajili ya hilo.

Vibaki viwili. Kimoja kifupi baada ya Alfajiri, kwa aliye macho, na mtoto aliyelala aachwe alale. Kimoja baina ya Magharibi na Isha, dakika 20, cha watoto hasa, wakubwa wasikilize pembeni. Mashindano ya kuhifadhi yafanyike siku moja tu, na kila mtoto aliyesoma apate kitu mkononi, hata haluwa ya Wete kipande. Mshindi mmoja na wenzake thelathini waliokosa, mumewapeleka kwa meli kwenda kushindwa.

Halafu kuna ilmu ambayo safari yenyewe inaifundisha, na kamati imeisahau: sala ya msafiri. Watoto wengi wa chuo wameisoma kwenye kitabu tu. Kutoka mjini Unguja mpaka Mkoani, bandari ya Pemba, ni zaidi ya kile kiasi cha marhala mbili, kilomita 80 na kitu, kinachotajwa katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu hapa tuko nayo. Na kwa madhehebu hayo, anayenuia kukaa chini ya siku nne kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka, bado ni msafiri. Nyinyi ni siku tano: moja ya kufika, moja ya kurudi, tatu katikati. Kwa hiyo mnapunguza, na mnaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Maalim athibitishe, kisha awaeleze watoto ndani ya meli kwa nini leo Adhuhuri ni rakaa mbili. Mtoto hatosahau. Na mkikusanya, alasiri yenu nzima iko wazi bila ya mtu kuiibia sala.

Alasiri hiyo mtaihitaji kwa ajili ya bahari. Sijui kamati imetazama kalenda gani kupanga tarehe, lakini itazame ya Kiislamu, si kwa baraka tu bali kwa maji. Mwezi unapoandama na unapotimia, mwezi mosi na mwezi 15 na siku mbili tatu za kufuatia, ni bamvua. Kwetu sisi huku, siku hizo maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Ukiwapeleka watoto pwani saa nne wataikuta bahari iko mbali huko, wao wanatembea juu ya mwani. Tarehe saba nane, na 22 hivi, za mwezi huohuo wa Kiislamu, ni maji mafu: maji yanakuwa yamejaa hiyo saa nne asubuhi, na hata yakipwa hayendi mbali. Muulizeni mvuvi yeyote atawaambia bila ya kutazama karatasi. Basi safari ikiangukia bamvua, asubuhi ni ya kutembea pwani na kutazama viti vya pweza, kila mtoto na ndara zake miguuni kwa sababu ya miiba, na kuogelea ni saa tisa kuendelea. Ikiangukia maji mafu, ogeleeni asubuhi mapema kabla jua halijawa kali.

Na wasichana waogelee. Hapa sitafuti maneno ya kuzunguka. Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini, akawaambia watu watangulie mbele. Kilichowazuia wanaume wa kamati si dini, ni uvivu wa kupanga. Vumawimbi, kule kaskazini ya Pemba baada ya msitu wa Ngezi, pwani yake ni ndefu kiasi kwamba wanawake na mabinti wakikaa upande mmoja na wanaume upande wa pili, mtu hamtambui mwenzake. Mkiona bado haitoshi, gaweni saa: kina mama na watoto wao waogelee kwanza, kina baba wawe msituni na mwongozaji, kisha mbadilishane.

La kuchunga ni nguo. Baibui na mtandio mrefu vikishaingia maji vinakuwa vizito, vinafunga miguu, na hilo ni la hatari kuliko linavyoonekana. Suruali nyepesi, kanzu fupi ya kitambaa kisichonywa maji, ushungi mdogo wa kubana. Nungwi, mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya stara kamili, na watu wa kijiji wakaridhia, kwa hiyo msiambiwe ni jambo la kigeni. Bintiyo na wenzake washonewe mapema, kwa fundi wa mtaani, si fulana za sare.

Waangalizi wawe wanawake wawili wanaojua kuogelea kweli, waliotajwa kwa majina, wanaobadilishana na wengine wawili. Mkiwa hamna wanaojua, maji yaishie kiunoni mwa mtoto, na mipaka iwekwe kwa kamba na vijiti. Mama aliyekaa mchangani na simu mkononi si mwangalizi, hata akiwa na macho mazuri vipi.

Matembezi yasiwe mengi. Najua mtu akifika Pemba mara ya kwanza anataka aone yote, Pujini, Ras Mkumbuu, Kigomasha, Wete, na siku inaishia barabarani watoto wakitapika kwenye kosta. Mimi ningechagua mawili. Siku moja Ngezi na Vumawimbi kwa pamoja, kwa sababu viko njia moja na hata mtoto mdogo anafika. Njiani, kama muda upo, Kidike kuna popo wa Pemba, wale wakubwa ambao hawapatikani popote duniani ila kisiwa hicho. Wananing'inia mchana kutwa juu ya miti, mabawa yao yakikunjuliwa yanafikia karibu metro moja na nusu. Mwanao wa miaka mitatu hatakwambia lolote juu ya muhadhara wa Isha, lakini popo huyo atamtaja mpaka Ramadhani.

Siku ya pili Misali, lakini si kwa wote. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, mnavuka kwa boti, na mimi singepandisha watoto wachanga hapo. Waende wa miaka minane kwenda juu, kila mtoto na jaketi lake la kuokolea lililomkaa mwilini, sio moja kwa wawili, na nahodha asiye na jaketi za kutosha aachwe atafutwe mwengine. Wadogo na mama zao wabaki mjini, waende sokoni Chake au walale tu.

Misali naitaja kwa sababu ndiyo darsa mnayoitafuta. Watu wa Pemba wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akawauliza wavuvi kama wana msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki ndicho msala, kwani kimelala kuelekea kibla. Ni masimulizi ya wenyeji, na maalim awaambie watoto hivyo. Lakini linalofuata si masimulizi. Kisiwa na bahari yake vilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wengi wanategemea miamba ile, na palikuwa na uvuvi wa baruti unaoivunja. Makatazo ya serikali peke yake hayakuwakaa rohoni. Ndipo masheikh wakashirikishwa, wakakaa na wavuvi wakazungumza nao kwa aya za Kurani juu ya amana ya mwanadamu kwa viumbe na juu ya kukatazwa ufisadi katika ardhi na bahari. Mtoto akisimama kwenye mchanga ule akaambiwa hayo huku samaki anawaona kwa macho yake, dakika kumi zinatosha. Halafu aachwe aruke majini. Na atakachokuja nacho, ganda la muwa au chupa, arudi nacho.

Malazi umesema huna neno, nami sina sana. Vyandarua, kila familia na vyake. Mtoto wa kiume wa miaka mitano sita alale na mama yake, wasimpeleke jengo la wanaume kwa kuwa ni mwanamme. Tanki la maji litazamwe na jamaa wa Pemba siku moja kabla, na asipokewe mtu kwa maneno ya "maji yapo". Disemba vuli huwa bado ina manyunyu yake, basi pawe na ukumbi au banda la kukaa watoto ikinyesha.

Meli. Hapa hakuna mtu mzima wa visiwani anayehitaji kukumbushwa. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama kwenda Pemba ikiwa imezidisha watu, na kuna nyumba huko mtakakofikia ambazo hazijamaliza machozi yake. Tiketi zikatwe mapema, kwa majina kamili yanayofanana na vitambulisho, watoto wachanga wakiwemo, kwani Disemba meli hujaa. Mkifika bandarini mkaona watu ni wengi kuliko inavyofaa, rudini nyumbani, na kiongozi wa msafara awe mtu anayeweza kusema hivyo bila ya kuogopa lawama. Disemba kaskazi ndiyo inayoingia na kwa kawaida kuna nafuu kuliko miezi ya kusi, ila tumbo la mtoto halijui misimu: mpe kitu kikavu kidogo kabla ya kupanda, si chai ya maziwa, na mifuko iwe mkobani. Kila mtu mzima apewe watoto wake kwa majina wa kuwahesabu wakati wa kupanda na kushuka, hata kama si wa tumboni mwake.

Sasa bwana yako. Kakwambia usimtie aibu, na hilo lisikuudhi, limekuonesha mlango. Usiseme kikaoni. Kwanza kaa na kina mama wawili watatu unaowaamini, muhesabu kama nilivyohesabu nazi na mchele, muandike. Kisha usiku, watoto wamelala, mpe karatasi mumeo, si malalamiko. Mwambie: wenye safari wanaumia hapa, hapa na hapa, na pesa za kurekebisha zimo ndani ya fulana. Mwachie yeye aipeleke kamati kwa mdomo wake, iwe fikra yake. Mwanamme akipewa hesabu iliyokamilika huisema kama aliota mwenyewe, nawe usimkumbushe. Jambo moja tu shikilia: mama mmoja aingie kamati, ashike daftari la chakula na watoto. Si lazima awe wewe.

Na lile neno lake la safari ya kheri si ya starehe, mjibu kwa upole kwamba kheri na starehe si wake wenza, zinakaa nyumba moja. Sahaba Handhala alimlalamikia Mtume kwamba akiwa mbele yake moyo unakuwa juu, akirudi kwa mke na watoto anajisahau, akajiona mnafiki. Akaambiwa kuna saa ya hili na saa ya lile.

Wakikubali jambo moja tu katika yote haya, liwe wapishi. Hayo mengine yatajipanga yenyewe kina mama wakishakuwa na mikono mitupu na wamo ndani ya mazungumzo.

Bintiyo usimbembeleze wala usimtishe. Alichokikataa ni karatasi ile. Kaa naye, mwite na wenzake wa umri wake, waambie alasiri ya siku ya tatu ni yao: wapange michezo ya watoto wadogo, wachague pahala, waandike vitu vinavyotakiwa na bei zake, kamati iwape pesa hizo mkononi. Ratiba mpya ikishatoka, muulize tena kama bado anataka kubaki kwa bibi. Akisema ndiyo, muache abaki, na pesa zake zimlipie mtoto mwengine.